Ukipata Nafasi, Njoo

Kwa miaka kumi na mmoja nilitega kitendawili kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, na mtu aliyekuwa hodari kuliko wote kukitegua sikuwahi kumwona sura.

Kazi yangu ilikuwa redio kol. Kampuni yetu, ambayo watu wa Songea walizoea kuiita Mashineni, ilikuwa na viwanda vitatu nje ya mji. Maposeni walisaga mahindi, Mpitimbi walikamua alizeti, na Namasakata, mbali kule Tunduru, walibangua korosho. Sisi wa mjini tulikuwa ofisi kuu na bohari. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa bohari, kidogo kama jiko, na ndani mlikuwa na meza, daftari, betri ya gari na ile redio yenye kisemeo cha kushika mkononi. Unabonyeza, unasema. Unaachia, unasikia. Ukimaliza unasema "ova", mwenzako ajue zamu ni yake. Kabla hujasikia "ova" hufungui mdomo. Hiyo ndiyo adabu ya redio, na hata mimi niliyeishia darasa la nne kwa masista haikunishinda.

Meneja wa zamani alitaka kila asubuhi nijaribu mitambo kwa kuhesabu moja mpaka kumi. Nilihesabu wiki moja, nikaona ni kazi bure. Mtu anaweza kukujibu "nakusikia vizuri" na kumbe hasikii kitu, anataka tu akanywe uji. Kitendawili hakina ujanja huo. Asiyesikia hawezi kukitegua.

"Vituo vyote, hapa Songea. Kitendawili, ova."

"Tega, Songea, ova."

"Mtoto wangu amekataa kulala ndani kwa mama yake, ananing'inia nje kama mlinzi, ova."

Yohanes wa Maposeni alisema ni kengele ya kanisa. Leticia wa Mpitimbi akasema popo. Namasakata kimya, kumbe Salum Daimu, mpima mizani wa kule, alikuwa amebana kicheko.

"Mama Leo, unatega korosho kwa watu wa korosho? Bibo ndiye mama, mbegu imekaa nje. Kesho njoo na kingine, hiki nimekimeza, ova."

Sauti yake ilikuwa nene, inajaza chumba, nami nikawa namfikiria pande la mtu lenye tumbo. Siku akishindwa, nikidai mji kama ilivyo desturi, hakuwa mchoyo.

"Nakupa Masasi, ova."

"Masasi ulinipa juzi, Baba Asma, ova."

"Basi chukua Lindi. Lakini ujue miji yote ya kusini umeimaliza. Mimi na mke wangu tutakaa wapi? Ova."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mwambie kwenye redio unagawa miji, nyumbani hujanipa hata kijiji." Huyo alikuwa Zena, mkewe, mbanguaji pale pale kiwandani. Watu wakacheka kule, nasi tukacheka huku, ndipo tukaanza hesabu za magunia.

Sasa lazima niseme jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Vituoni redio ilikuwa na spika kubwa, na saa tatu ni saa ya uji. Wapakiaji, wabanguaji, akina mama wa kuchambua, wote walikusanyika dirishani kusikiliza kitendawili. Ukitangaza ugonjwa wa mtu hapo, ni kama umemvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo tulikuwa na namna yetu. Hakuna aliyetufundisha, ilikuja yenyewe tu. Siku yenye habari nzito sikutega kitendawili. Nilianza moja kwa moja na magunia, kwa sauti ya chini, na kule kote walishusha vikombe. Mwishoni niliita kituo, nikanyamaza kidogo, ndipo niliposema, "Fulani anauliziwa nyumbani. Akipata nafasi aje." Basi. Huyo fulani hakumaliza hata uji wake, na msimamizi alimpa lori bila kuuliza ni la nini.

Ndivyo nilivyomwita Yohanes baba yake alipozidiwa. Alimkuta mzee bado anamtambua. Mpaka leo tukionana njiani huanza na salamu ya Kingoni, "Monile, mama," halafu ananishika mkono muda mrefu, hasemi lingine.

Mwaka wa tisini na nane kampuni ikabinafsishwa. Mwekezaji hatukumwona, tulimwona Noela. Alikuwa binti wa watu wa Mbinga, amesomea mitambo chuo kikuu Dar es Salaam, suruali na viatu vya kazi, lakini akisalimia anakunja goti. Alizunguka viwanda vyote na kamba ya kupimia na daftari, akichora kuta, milango, mahali pa jenereta. Mpango wake ulikuwa kila kituo kiwe na kompyuta na dishi juu ya paa, na zote zizungumze na kompyuta kubwa moja hapa Songea. Korosho zikipimwa Namasakata, tarakimu zionekane kwetu dakika ile ile. Mambo ya kuandika kwa penseli ya kuchomeka sikioni na gunia kupotea njiani yaishe. Mimi niliona ni kitu kizuri, na hata sasa sisemi kilikuwa kibaya.

Siku moja alikuja chumbani kwangu, akaketi juu ya debe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unitajie kazi zote za redio hii. Zote, hata ndogo. Nisipoiandika hapa, kwenye mtandao mpya haitakuwepo."

Nikamtajia. Hesabu za magunia. Dizeli. Vipuri vilivyokatika. Lori limetoka saa ngapi. Mshahara umefika au haujafika. Salamu za wafanyakazi. Yeye anaandika kwa mwandiko mzuri, wa kuinama kidogo.

"Na nini tena, mama?"

Nikaangalia kalamu yake ilivyosimama inaningoja. Nikaona haya. Ningemwambiaje msichana msomi kwamba chombo cha kampuni tunachezea vitendawili, na kwamba siku tusipocheza kuna mtu anaumwa au amekufa?

"Ni hayo tu," nikasema.

Akapiga mstari chini ya orodha.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, lori la korosho lilipokuja mjini lilimleta Zena. Tumbo lilikuwa limejaa maji na miguu imevimba, akaandikiwa kuja hospitali ya mkoa. Salum alinikabidhi redioni asubuhi hiyo hiyo. "Mama Leo, mji wa mwisho niliobaki nao ndio huo unakuja kwenye lori. Nitunzie, ova." Nilimpokea nyumbani kwangu Mfaranyaki. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, hayatoki hata kwa jivu. Nilimsindikiza kliniki na kumrudisha. Jioni alinichekesha kwa kuniigiza ninavyosema "ova", akisema pale Namasakata watoto wanacheza kuwa mimi.

Wiki mbili baadaye redio zikazimwa. Asubuhi ya mwisho nilitega hivi: "Nina watoto watatu, hawaonani, lakini mmoja akikohoa wote wanageuka, ova." Maposeni na Mpitimbi wakamwachia Salum.

"Hicho sikitegui, Mama Leo. Nikikitegua kitakuwa kimekwisha. Ova."

Mchana ule mafundi waliangusha mlingoti. Betri yangu ikahamishiwa chumba cha kompyuta, ya akiba umeme ukikatika. Mimi sikufukuzwa, nilipelekwa mapokezi, kazi yangu kugawa karatasi zilizotoka kwenye mashine ya kuchapa. Kwenye kompyuta alikaa Makarius, baba wa watoto wanne, karani wa siku nyingi aliyepelekwa kozi miezi mitatu. Alifurahi kama mtu aliyepewa mke mpya.

"Mama Leo, hii haina ova," akaniambia. "Wanasema wote kwa pamoja na hakuna anayemkata mwenzake."

"Na anayesikiliza ni nani?"

"Yenyewe," akasema.

Zena alizidi kudhoofu. Walimlaza. Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mvua imeanza kuwa kubwa, daktari aliniita pembeni ya korido. "Wewe ni ndugu yake?" Nikasema ndiyo. Akasema figo zimechoka, zote mbili. Kama ana mume, aitwe. Nikauliza, aitwe upesi? Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Aitwe, mama."

Nikaenda moja kwa moja kwa Makarius.

"Niandikie Namasakata, baba. Kwa Salum Daimu."

"Sema."

"Zena anakusalimu. Anakuulizia. Ukipata nafasi, njoo. Mimi Mama Leo."

Makarius akaandika, akageuka. "Nisiweke kwamba hali ni mbaya?"

"Usiweke. Karani wa kule atasoma kwanza, na kabla jua halijageuka kiwanda kizima kitajua mke wa Salum anakufa, isipokuwa Salum. Acha hivyo hivyo. Ataelewa."

"Haya." Akabonyeza. Sijamaliza kufunga kitenge vizuri akasema, "Imeshafika."

Nilistaajabu kweli. Nilirudi wodini nikitembea haraka kama msichana, nikamwambia Zena, "Nimemwita." Akafumba macho, akatabasamu. Nikahesabu kichwani: leo Jumatatu, akipanda lori mchana huu, kesho jioni yuko hapa, na barabara ikiwa mbaya sana, Jumatano asubuhi.

Jumanne nikiwa mapokezi mashine ikachapa karatasi yenye jina langu.

"Kwa Mama Leo. Salamu nimezipata na nimefurahi sana kusikia Mama Asma ameanza kuulizia watu. Alhamdulillahi. Wiki hii tunahesabu bohari kwa ajili ya mtandao mpya na mimi ndiye mwenye mizani, kwa hiyo nafasi nitaipata Ijumaa, nitapanda gari siku hiyo. Mwambie namletea korosho za kukaanga, zile nzima. Salum Daimu. Imeandikwa na Hassani, karani."

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Hakuna alipokosea. Alikuwa amejibu kile kile alichoandikiwa. Maneno yalikuwa ya siku zote, yale yale niliyomwitia Yohanes, ila safari hii yalikwenda peke yao. Asubuhi ile haikuwa na kitendawili ninyamaze nacho. Hakukuwa na mahali pa kushusha sauti. Karatasi ilimfikia Salum ikiwa na uso wa salamu, naye akaipokea kama salamu.

Nikaingia chumba cha kompyuta bila kubisha hodi.

"Makarius, andika: Zena anakufa. Njoo leo."

Alinitazama, akaandika bila kuuliza. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Namasakata hawapo," akasema.

"Hawapo vipi?"

"Mashine yao imezimika. Asubuhi walisema dizeli ya jenereta iko chini, na lori la dizeli limekwama kwenye matope mbele ya Namtumbo. Ujumbe wako uko kwenye foleni."

"Kwenye foleni nyuma ya nani?"

"Hakuna mtu, mama. Uko peke yake tu."

Redio yetu ilikula betri, na betri ilikula jua kwa kioo kilichokuwa paani. Dizeli ikiisha, jua linabaki. Hilo nililijua miaka yote kumi na mmoja wala sikulitaja, maana nani anataja jua.

Nikamtafuta Noela. Nilimkuta juu ya ngazi anafunga waya wa bluu ukutani. Nilipomweleza alishuka haraka. Hakunilaumu, hakusema "ungeniambia", na ingekuwa nafuu kama angesema. Akasema waya mrefu juu ya paa utatosha kuwa mlingoti, akachomoa betri yangu mwenyewe, akaibeba mikononi, grisi yake ikamchafua blauzi, tukaenda bohari ilikokuwa redio yangu ndani ya boksi. Nilikwisha kuvuta kiti. Nilikuwa tayari nafikiria nitasema vipi, safari hii waziwazi, kiwanda kizima kisikie kama kitasikia.

Noela akasimama na betri mikononi, anatazama boksi la pili.

"Mama," akasema taratibu. "Redio ya Namasakata ni hii hapa."

Boksi lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake kwa mwandiko wa Salum: NAMASAKATA. CHOMBO CHA MAMA LEO. SHIKENI POLEPOLE. Lilikuja na lori la wiki iliyopita. Redio yake na yangu zilikuwa zimelala pamoja, hatua moja, kama maiti wawili wa ukoo mmoja. Ningeita mpaka koo likauke, ningekuwa naita boksi lililoko miguuni kwangu.

Noela aliweka betri chini. Tukakaa pale juu ya magunia matupu, mimi na yeye.

Sikukaa siku nzima, msidhani. Nilikwenda stendi. Basi la Tunduru halikuondoka, na la jana lilikuwa bado liko njiani, abiria wanalisukuma. Nilikwenda posta kupiga simu Tunduru mjini kwa mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kwetu. Alinisikia vizuri, mtu mwungwana, akasema akitokea yeyote wa kwenda Namasakata atamtuma, lakini tangu juzi hajatokea hata mwenye baiskeli. Nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa. Nilipotoka niliona aibu kuwasha mshumaa kwa ajili ya Mwislamu bila kumuuliza, nikapita kwa mama mmoja jirani ambaye anaswali, nikamwomba na yeye aombe.

Jumatano Zena alikuwa anaongea kwa shida. Nikamlowesha midomo.

"Umemwita?"

"Nimemwita."

"Ulitega kitendawili siku hiyo?"

Kumbe alijua. Angekosaje kujua? Miaka yote hiyo alikuwa dirishani na kikombe chake cha uji, akishusha pamoja na wenzake.

"Redio haipo tena, Mama Asma. Ni ile mashine."

Akanigeukia. "Sasa amejuaje?"

Nikamkunjia shuka miguuni, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Basi niambie kile cha mwisho," akasema. "Wale watoto watatu. Alikataa kukitegua, lakini nyumbani pia hakuniambia."

Nikamwambia jibu, kwamba ni vile vituo vyangu vitatu. Akacheka kwa pua, kidogo sana.

Alifariki Alhamisi, saa mbili asubuhi, mvua imepumzika. Majirani zangu Waislamu wa Mfaranyaki walikuja bila kuitwa, wakamwosha, wakamshonea sanda, kana kwamba ni wa kwao. Shehe alinikuta uani.

"Mume amejulishwa?"

"Amejulishwa."

"Anafika lini?"

"Kesho anapanda gari."

Alinitazama kama mtu anayeona kuna kitu hapo katikati, lakini hakuchimba. Walimngoja mume mpaka baada ya swala ya alasiri kwa ajili ya heshima tu, maana kila mtu alijua hakuna anayekuja. Kisha wanaume wakambeba Zena. Mimi nilibaki na wanawake mkekani, Mkristo peke yangu, nikisikia miguu yao ikizama kwenye matope ya kichochoro mpaka isisikike.

Ijumaa mchana Makarius alikuja mwenyewe nyumbani. Akavua kofia.

"Mama Leo, Namasakata wamewasha. Dizeli imefika."

"Na ujumbe?"

"Umekwenda. Hassani amejibu." Akaniangalia miguuni. "Amesema Salum ameondoka asubuhi, kwa furaha."

Hayo maneno mawili ya mwisho hakupaswa kuyasema, lakini yalikuwa yameandikwa na yeye amezoea kusoma kilichoandikwa.

Jumamosi jioni, jua lipo bado, nilikuwa nachambua mboga ya maboga barazani. Wanawake wawili wa matanga walikuwa ndani. Mtu mfupi, mkavu, alisimama kwenye ua wa mabua, matope mpaka magotini, mfuko wa kitambaa begani. Nilidhani ni mtu anayetafuta njia.

Kisha akasema, kwa ile sauti nene inayojaza chumba, "Vituo vyote, hapa Namasakata. Kitendawili, ova."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amejiandaa njia nzima, nilimwona. Pale gari lilipokwama alitembea kwa mguu, akavuka kwenye matope, akapanda lingine, na njia nzima alikuwa anakitengeneza kitendawili chake aje kunifunga nacho nyumbani kwangu, siku ya kwanza tunaonana.

Nilitaka kusema "tega". Mungu ananiona, nilitaka.

Salum akangoja. Alikuwa mtu wa redio, alijua kungoja. Akaangalia mikono yangu iliyosimama juu ya mboga. Akaangalia mlango na ndara za wanawake zilizopangwa nje. Tabasamu likaenda likiondoka, si mara moja, upande mmoja kwanza. Akashusha mfuko begani, akauweka chini polepole, korosho zikalia ndani.

"Lini?" akauliza.

"Juzi. Alhamisi."

"Amezikwa?"

"Amezikwa, Baba Asma."

Akaketi pale pale kwenye ngazi ya baraza. Nikamletea maji, akayashika, hakunywa. Wanawake wakatoka, wakampa pole, akaitika kila mmoja kwa jina la Mungu kama inavyotakiwa. Walipoingia ndani akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imelowa pembeni. Akaifungua juu ya goti.

"Nimeisoma njiani mara nyingi," akasema. "Nilikuwa nafurahi nikiisoma. Nionyeshe, Mama Leo. Hapa ni wapi paliposema?"

Nikaichukua. Herufi zilikuwa nzuri, zote sawa, hakuna iliyokuwa nzito kuliko mwenzake.

"Hapakusema," nikamwambia. "Ni mimi. Nilidhani nikituma maneno na sauti itakwenda."

"Kwani ungesemaje?"

"Ningesema hayo hayo."

"Basi sema."

"Baba Asma, haisaidii sasa."

"Sema. Nataka niitwe."

Nikafuta mikono kwenye kitenge. Nikashika karatasi ingawa sikuihitaji. Sikutega kitendawili. Nikaanza na magunia, kwa sauti ya chini, magunia yoyote tu, Maposeni mia mbili na kumi, Mpitimbi madebe tisini. Nikaita, "Namasakata, Namasakata, hapa Songea." Nikanyamaza pale pale ambapo siku zote nilinyamaza. Halafu nikasema, "Salum Daimu. Zena anakusalimu. Anakuulizia. Ukipata nafasi, njoo. Ova."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Bilauri ikainama mkononi, maji yakamwagika kwenye matope ya suruali yake, naye asiyaone.

"Nimekupata, Songea," akasema. "Nimekupata."

Hakusema ova. Kwa hiyo sikufungua mdomo, nikabaki nimekaa kando yake, mboga kwenye ungo, mpaka wanaume wa msikitini walipokuja kumchukua kumpeleka kaburini.